Kizibo cha Chumvi



Chini ya kinu cha nyuklia kilichowashwa tarehe 1 Juni 1965 katika maabara ya Oak Ridge, jimboni Tennessee huko Marekani, palikuwa na bomba dogo ambalo halikuzibwa kwa vali ya chuma, bali kwa chumvi ile ile iliyokuwa ikizunguka juu yake hali imeyeyuka, ikibeba fueli ndani yake. Chumvi hiyo iligandishwa pale kwa upepo uliopulizwa juu ya bomba pasi na kukoma. Na lau upepo ungekatika, kwa umeme kuzimika au kwa mtu kuuzima kwa kusudi, kizibo kingeyeyuka chenyewe, na fueli yote ingeteremka kwa uzito wake tu hadi katika matangi ya chini yasiyo na grafaiti, ile iuwezeshayo mpasuko wa viini, ambamo mpasuko huo hauwezi kuendelea. Kila niisomapo habari hii hustaajabu kuona amana nzito namna ile imekabidhiwa tabia ya chumvi, wala si uhodari wa mlinzi wa usiku.

Katika vinu vilivyo vingi leo, maji ndiyo yachukuayo joto, na ili yasichemke hushindiliwa kwa shinikizo lipatalo mara 150 ya lile la hewa tuivutayo. Tena kinu kikizimwa joto halikomi, kwa kuwa mabaki ya viini vilivyopasuka huendelea kulitoa siku nyingi. Na huko Fukushima, nchini Japani, mwezi wa Machi 2011, vinu vilikuwa vimekwisha kujizima wakati tsunami ilipozamisha jenereta, maji yakapungua, magamba ya zirkoniamu yafunikayo fueli yakakutana na mvuke yakazaa haidrojeni, na majengo yakalipuka.

Ama chumvi ya Oak Ridge, iliyochanganywa floridi za lithiamu, beriliamu, zirkoniamu na urani, ilifanya kazi kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi, ilhali haichemki mpaka zipite 1,400. Basi haikuhitaji kushindiliwa, wala hapakuwa na maji ndani ya kinu ya kuzaa haidrojeni. Joto lilipozidi, chumvi ilitanuka, sehemu ya fueli ikatoka kati ya grafaiti, na mpasuko ukapungua wenyewe. Joto kubwa kama hilo la nyuzi 650 hufaa sana kwa kuzalisha umeme, na mwaka wa 1968 kinu kile kiliendeshwa kwa urani-233, ambayo hupatikana kutokana na thoriamu.

Alvin Weinberg, mkuu wa maabara ile, aliipigania njia hii kwa moyo wote. Hata hivyo kinu kilizimwa Desemba 1969, chumvi ikaachwa igande matangini, na hapo ndipo penye uchungu wangu: mnururisho wake wenyewe uliitenga florini kidogo kidogo, hata mwaka wa 1994 ikagunduliwa kwamba urani imepanda mabombani kama gesi na kukusanyika katika kichujio cha makaa. Kizibo kilikuwa ni kinga ya chumvi iliyo moto. Miaka ya baridi haikuwekewa kinga mfano wake.

Kinu kingine cha namna hiyo, kilichokusudiwa kutumia thoriamu, kiliwashwa Oktoba 2023 huko Wuwei, katika jimbo la Gansu nchini Uchina. Nami ningepewa fursa ya kuonana na waliokijenga, nisingewauliza habari za kizibo, ningewauliza siku kitakapozimwa chumvi yake itapelekwa wapi, na nani ataichukua.