Wazee Wasome, Nasi Tusikilize



Husemwa kwamba michezo ya kuigiza ni ya vijana, kwa kuwa mzee hawezi tena kuhifadhi maneno. Mchezo wa kusomwa hauhitaji kuhifadhi: msomaji huketi, kitabu mkononi, akaigiza kwa sauti tu. (Miwani isisahauliwe!) Napendekeza tuanze na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Babu awe mkopeshaji. Bibi awe mwanamke anayemshinda mahakamani. Wajukuu wetu hapa Uingereza husikia Kiswahili cha jikoni na cha simu tu. Kile cha hoja na kejeli kimo vinywani mwa wazee hawa, na wengi wao hushinda peke yao majumbani. Mwenye nakala ya kitabu hicho na ailete Jumamosi.