Nahau za Michezo: Kutupa Taulo

Somo la leo ni nahau za Kiingereza katika habari za michezo.

Chukueni maneno haya: "throw in the towel". Neno kwa neno ni kutupa taulo. Lakini aliyeishia hapo hajaelewa habari. Asili yake ni ndondi. Bondia akizidiwa, msaidizi wake hurusha taulo ulingoni ili pambano lisimamishwe. Kwa hiyo maana yake ni kukubali kushindwa.

Sasa tumfikirie John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni kwa ajili ya Tanzania katika Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla, naye Akhwari alichechemea, bendeji mguuni, mpaka akamaliza, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Mwandishi akisema Akhwari hakutupa taulo, msitafute taulo barabarani. Asema hakukata tamaa.

Nasi tunazo nahau zetu. Twasema Akhwari alipiga moyo konde. Mgeni akifasiri neno kwa neno, atadhani alijipiga ngumi kifuani!

Basi, mkutapo maneno yasiyopatana na habari, msiyafasiri upesi. Ulizeni kwanza: yametoka mchezo gani, na huko hufanyika nini?

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi moja yenye "kupiga moyo konde". Kwaherini.