Vitu vya Kujitengenezea kwa Nyumba, Bustani na Mtoto

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri iliniagiza niseme juu ya vitu ambavyo mtu aweza kujitengenezea nyumbani kwa gharama ndogo. Nilisita kukubali, maana mimi ni karani, na mkono wangu umezoea kalamu kuliko nyundo. Walakini nilikumbuka kwamba katika shule ya misheni niliyosoma tulikuwa tukitoka darasani alasiri tukaingia bustanini au karakanani, na mwalimu wetu hakumpa mtu alama kwa kitu kizuri kisichofaa kazi. Basi nimekubali, nami nitasema tu juu ya yale niliyoyajaribu nyumbani mwangu.

Hapana haja ya kuwasifia kazi ya mikono watu wa Eastlands. Kutoka hapa twasikia nyundo za Kamukunji, ambako bati huwa sanduku, karai na jiko. Gikomba kuna mbao na nguo za mitumba. Kariokor kuna katani na vikapu. Jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo leo lajulikana katika nchi nyingi za Afrika, lilienea kutoka mikononi mwa mafundi wa Nairobi, nao wa Shauri Moyo wakiwamo, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umbo lake la kwanza lilikopwa kwa jiko la ndoo la Thailand, kisha mafundi wetu wakaligeuza lifae sufuria zetu. Kukopa maarifa si aibu. Aibu ni kuyaacha yalale.

Lakini kabla sijataja kitu chochote cha kutengeneza, sharti nikiri kosa langu mwenyewe. Wahenga walisema kwamba rahisi ni ghali, nami nilikuja kuelewa maana ya maneno hayo jioni moja ya Jumamosi.

Nilikuwa nimetengeneza koroboi kwa mkebe, utambi wake nikausokota kwa pamba ya shati kuukuu. Ilipofika zamu ya chombo cha kuwekea mafuta ya taa, sikutaka kununua. Nikachukua chupa ya soda, nikaitia mafuta, nikaiweka chini ya meza. Nilijisifu kwa kuokoa shilingi. Mtoto wetu wakati huo alikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Hakujua habari za mafuta. Alijua chupa ya soda. Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kumeza funda moja, naye anakohoa.

Jirani mmoja alisema tumpe maziwa. Mwingine alisema tumtie kidole atapike. Mama mmoja wa mlango wa pili, aliyewahi kuwa muuguzi, alitukemea: mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi kamwe, kwa sababu anapotapika mafuta huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua, na apelekwe hospitali mara moja. Tukambeba mbio. Alilazwa usiku ule, nasi tukakesha kando ya kitanda. Kwa rehema za Mungu alipona. Leo yu darasa la pili, na ndiye anayenishikia uzi nikishona.

Tangu siku ile, kila nitakapo kutengeneza kitu, hujiuliza maswali matatu. Je, mtoto akikishika, itakuwaje? Akikitia kinywani, itakuwaje? Akikiangukia, au chenyewe kikimwangukia, itakuwaje? Nyumba nyingi za mitaa yetu ya zamani zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mfanyakazi aliyedhaniwa kuwa ameacha jamaa zake mashambani. Leo katika chumba kile kile mna baba, mama na watoto. Na jiko, kitanda, mafuta na mtoto mchanga vyote vimo ndani ya hatua tatu. Kwa hiyo kitu cha nyumbani kisipimwe kwa bei yake tu, wala kwa uzuri wake. Kwanza kipimwe kwa yule atambaaye sakafuni.

Nitataja sasa vitu vitatu: kimoja cha nyumba, kimoja cha bustani, na kimoja cha mtoto.

Cha kwanza ni kikapu cha kupikia. Maarifa haya si mapya. Mwaka 1867, katika maonyesho makuu ya Paris, mtu wa Norwei alionyesha sanduku lililofungwa vizuri ambalo liliendelea kuivisha chakula baada ya moto kuondolewa. Siri yake ni kwamba chakula kilichokwisha kuchemka hakihitaji moto mpya; chahitaji kuzuiwa kisipoe.

Chukua kikapu kipana chenye kitako imara, kikubwa kuliko sufuria yako. Nenda kwa fundi wa cherehani umwombe vipande vya vitambaa anavyotupa. Shona mfuko wa gunia au blanketi kuukuu, uujaze vipande hivyo, kisha uutandaze ndani ya kikapu, chini na pande zote, unene wake usipungue sentimita 10. Acha nafasi ya katikati itoshee sufuria barabara. Shona na mto wa kufunikia juu, nao uwe mnene vivyo hivyo. Kwa kazi hii sindano ya kawaida huvunjika. Tumia shazia, yaani sindano kubwa ya magunia.

Maharagwe yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu kwa muda wa nusu saa. Usipunguze muda huo, maana maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu ya kuumiza tumbo. Funika sufuria vizuri, itie kikapuni ingali inatokota, weka mto juu, wala usichungulie. Baada ya saa tatu au nne, itoe, ichemshe tena kidogo, kisha mle. Mchele hutosha kuchemka dakika tano, kisha saa moja kikapuni. Sufuria iwe imejaa karibu na ukingo, kwa kuwa sufuria nusu hupoa upesi. Tena chakula kisiachwe humo hadi kikawa vuguvugu, maana hapo huanza kuharibika.

Nyumbani kwangu maharagwe yalikuwa yakila mikebe miwili ya makaa. Sasa hayamalizi mmoja. Wote tunakumbuka jinsi bei ya makaa ilivyopanda baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti ya misitu Februari 2018. Basi mkebe mmoja kwa siku si jambo dogo. Lakini faida iliyo kubwa zaidi haiandikwi katika daftari la hesabu. Kwa saa tatu au nne hakuna moto chumbani. Katika baridi ya Juni na Julai wako watu ambao huingiza jiko ndani na kufunga mlango na dirisha. Na makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, ambayo huua watu usingizini. Jiko na libaki nje. Kikapu ndicho kiingie ndani, kiwekwe pembeni mahali pa chini, mbali na mapito ya mtoto, kwa kuwa sufuria iliyomo ingali yaunguza.

Cha pili ni bustani ya gunia. Mtu asiye na shamba huku mjini asiseme hana mahali pa kupanda. Baada ya misukosuko ya mwaka 2008, watu wengi wa Kibera walijifunza kupanda sukuma wiki katika magunia, na mahali pa gunia moja hapazidi mahali pa kiti. Tena mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kusimamia kilimo cha mjini na kukiendeleza.

Weka gunia mahali litakapokaa siku zote, maana likijaa halibebeki. Kata mkebe mkubwa sehemu ya juu na ya chini uwe kama bomba, usimamishe katikati, uujaze kokoto. Kando yake tia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Udongo ukifika ukingo wa mkebe, vuta mkebe juu polepole, kokoto zibaki. Kisha jaza tena, hivyo hivyo hadi juu. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Halafu toboa matundu ubavuni kwa kupishana, kila tundu litie mche mmoja, na juu panda miche michache. Mwagilia maji ya kuoshea mboga au mchele. Usitumie maji ya mtaro, wala yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo. Chuma majani ya chini kwanza, uache moyo wa mche ukue, nawe utavuna kwa miezi mingi.

Hapa tena nawaomba mkumbuke yule mtoto. Udongo wa bure haupatikani kila mahali bila hatari. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi juu ya jaa la Dandora. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kipimo kilichokubaliwa. Madini hayo hudhoofisha akili ya mtoto, na hayaondoki kwa kuoshwa. Basi msichukue udongo wa jaani, wala wa kando ya gereji, wala wa mahali palipochomwa betri au nyaya. Ni heri kulipa nauli na kuleta udongo wa shambani. Vivyo hivyo debe lililokuwa na dawa ya wadudu au kemikali lisifanywe chombo cha maji wala cha kupandia, hata likioshwa mara saba.

Cha tatu ni mchezo wa mtoto. Zamani vijana wa mitaa hii walifunga mipira yao kwa mifuko ya plastiki na kamba. Mifuko ile ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Lakini matambara hayajapigwa marufuku, na kwa mtoto mchanga ni bora zaidi. Kunja soksi kuukuu iliyofuliwa, ijaze vipande vya vitambaa safi, shona mdomo wake mara mbili, nawe umepata mpira usiovunja kioo wala kuumiza ufizi. Mwanasesere vilevile: kichwa, mikono na miguu ishonwe kwa kitambaa kimoja, na macho yatiwe kwa uzi. Usitumie vifungo wala shanga. Mtoto hung'oa kifungo kwa meno mawili tu, na kifungo kidogo chaweza kuziba koo.

Mkitaka vigae vya mbao vya kujengea, ombeni maseremala vipande wanavyotupa. Chagueni mbao zisizo na rangi wala dawa, mkavisugue kwa msasa hadi mkono uteleze bila kuchomwa. Kuna kipimo rahisi sana. Chukueni bomba la karatasi gumu linalobaki karatasi ya choo ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani ya bomba lile, asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kamba nayo isiwe ndefu kiasi cha kuweza kumzunguka shingo.

Bwana Mwenyekiti, yawezekana mtu atauliza, mbona karani huyu asitupe mambo makubwa? Jibu langu ni kwamba katika chumba kimoja hakuna jambo dogo. Kikapu kile ni makaa yaliyookolewa na moto uliotolewa ndani. Gunia lile ni mboga za juma zima. Mpira wa soksi ni jioni moja ambayo mtoto hakwenda kutafuta cha kuchezea chini ya meza.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. La kwanza, Chama kinunue shazia sita, msumeno mmoja, koleo moja na msasa, viwekwe katika sanduku lenye kufuli, na mwanachama yeyote aweze kuazima kwa kutia sahihi. Daftari la kuazimia nitalishika mimi bila malipo. Hiyo ndiyo kazi niijuayo. La pili, Jumamosi moja ya kila mwezi tukutane tufundishane. Mama wanaojua kusuka wawafundishe vijana, na baba wasione haya kushika sindano.

Na jambo la tatu halihitaji kura wala fedha. Jioni hii kila mmoja wetu afikapo nyumbani, na ainame achungulie chini ya meza. Akiona chupa ya soda yenye mafuta ya taa, aihamishie mafuta katika chombo cha mafuta chenye kifuniko cha kukaza, akakiweke juu mahali asipofika mtoto. Hilo likifanyika katika nyumba moja tu, mimi nitahesabu kwamba hotuba yangu imekwisha kulipwa.