Mgeni wa Bao Awapate Wapi Wenzake?

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya michezo, nami nimechagua bao. Sitawasemea mafundi, hao wanajitosha. Nitamsemea mtu asiyejua hata kete inawekwa wapi, naye anataka kujifunza. Mtu huyo aende kwa nani?

Swali hili si la bao peke yake. Mjukuu wangu ninayeishi naye Kibaha anatamani ile michezo ya mezani ambayo wachezaji hujifanya watu wa hadithi, mmoja wao huisimulia na kuisimamia, na dadu huamua nani amefaulu. Uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kijana kanuni zake amezisoma, lakini hajacheza hata siku moja, kwa kuwa hana wenzake. Nikamwambia: mjukuu wangu, shida yako naijua, ndiyo ya kila anayeanza bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, akinamua moja moja mpaka ziishe. Ndipo huingia kwenye mtaji. Hayo mtu aweza kuandikiwa kwenye karatasi. Lakini lini uilinde nyumba, na lini uzitawanye kete zake, hilo utalipata kwa mtu aliyekaa mbele yako.

Na barazani mgeni hapati nafasi. Nilipomaliza Minaki mwaka 1978 nilipata kazi hapo hapo Kisarawe. Baraza nililokwenda lilikuwa na desturi moja: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anaondoka. Kwa mafundi ni desturi nzuri. Kwa mgeni ni dakika mbili za kucheza na jioni nzima ya kusimama. Akipigwa mkononi, yaani akamalizwa kabla kete za akiba hazijaisha, watazamaji humcheka, na kesho harudi.

Mimi nilirudi kwa sababu ya mzee mmoja. Aliniambia nije saa tisa alasiri, kabla mafundi hawajafika. Akanipangia bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, hakuna kunamua, mnaanza moja kwa moja na mtaji. Tazameni hekima ya wazee wetu: mchezo mgumu kama huu waliuwekea mlango wa wageni, wakaupa na jina. Akanitafutia na mpinzani, kijana asiyejua kama mimi. Yeye alikaa pembeni akiuliza swali lile lile: "Kete ya mwisho itaangukia wapi?" Baada ya miezi mitatu tukaanza kukaa na wakubwa jioni.

Mzee huyo hatunaye tena. Mwaka juzi nilipita kuwasalimu watoto wake, nikalikuta bao lake limefunika pipa la maji. Sikuwalaumu. Hakuna aliyewaita saa tisa.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kujifunza, nakushauri mambo matatu. Usiombe kucheza siku ya kwanza. Kaa, tazama, agiza kahawa yako, na uulize mchezo ukiisha. Pili, nenda na mwenzako asiyejua, ili muwe wawili wa kushindana. Tatu, msingoje ubao. Chimbeni mashimo 32 mchangani, mwokote komwe au kokoto, mcheze.

Nanyi mafundi, msiniambie hamna wakati. Mwalimu Nyerere alikuwa na shughuli kuliko sisi sote, na bao alilipenda akalicheza.

Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tuweke mabao mawili, moja Kibaha na moja Kisarawe, saa tisa alasiri. Mpaka saa kumi na moja fundi asicheze. Kazi yake iwe kufundisha tu. Baada ya hapo desturi ya baraza iendelee kama kawaida. Mjukuu wangu atakuja. Huenda hapo hapo akawapata na wenzake wa ile michezo yake ya hadithi, maana watu wakishazoeana ubao mmoja hawashindwi kukaa meza nyingine.

Bao la Kibaha nitalibeba mimi. La Kisarawe nangoja jina la mtu kabla hatujaachana leo.