Mbwa Akishindwa Kumeza, Usimtie Mkono Mdomoni

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Alupe



Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuwaletea habari. Leo nazungumzia tumbo la mbwa, kwa sababu tukilielewa vibaya, mtu anaweza kupoteza maisha.

Mara nyingi mbwa hutapika au kuhara kwa sababu ya alichokula: mabaki yaliyooza, au mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika ikawa na ncha kali. Mpe maji safi, na chakula chepesi kama wali, kidogo kidogo. Siku ikipita bila nafuu, mwite afisa wa mifugo.

Mtoto wa mbwa akitapika na kuhara damu, usingoje hata siku moja. Huenda ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoua kwa siku chache. Tusikimbilie kusema jirani amemtilia sumu. Kinga yake ni chanjo.

Akiwa na tumbo kubwa na mbavu zinahesabika, huenda ni minyoo. Baadhi ya minyoo hiyo huwaingia watoto wetu wanaochezea udongo. Mpe mbwa dawa ya minyoo, zoa kinyesi chake, na watoto wanawe mikono.

Sasa sikilizeni hili. Mbwa anatokwa na mate, taya limelegea, hawezi kumeza. Wengi wetu hudhani mfupa umemkwama, tunatia mkono kuutoa. Usifanye hivyo! Huenda ni kichaa cha mbwa, na virusi vyake vimo kwenye mate. Kaa mbali, zuia watoto, mwite afisa wa mifugo.

Akikuuma, akikukwaruza, au mate yakigusa kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni nadra sana apone.

Kenya imelenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Lakini mbwa haulizwi kitambulisho mpakani, Busia wala Malaba. Kwa hiyo kila boma lichanje mbwa wake kila mwaka.

Yeye hutulinda usiku. Nasi tumlinde.