Hesabu za Mtihani wa Kuajiriwa Benki: Namna ya Kujiandaa

Mazungumzo na vijana wanaotafuta kazi, Lavington

 

Makao makuu ya benki ya Equity yako Upper Hill, safari fupi kutoka hapa Lavington. Benki zinapotangaza nafasi za mafunzo kwa wahitimu, shahada na barua nzuri ya maombi humfikisha mwombaji kwenye hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo mara nyingi huja barua pepe yenye kiungo cha mtihani, tarehe ya mwisho, na idadi ya dakika. Ndani yake kuna sehemu ya lugha, sehemu ya kufikiri, na sehemu ya hesabu. Asiyepita hapo haitwi kwa mahojiano, hata awe na ufasaha wa namna gani, na nafasi kama hiyo huenda isitangazwe tena hadi mwaka unaofuata.

Sehemu inayoogopwa ni ya hesabu, na hofu hiyo ina chanzo. Chukua mtahiniwa aliyepata D ya hesabu katika KCSE, akaenda chuo kusomea historia au mawasiliano, na kwa miaka mitano au sita hajagawanya nambari kwa mkono. Akisikia "hesabu" anakumbuka logi, matriki na trigonometria. Anaazima kitabu cha Kidato cha Nne, anaanza ukurasa wa kwanza, na wiki ya pili amechoka. Bidii yake haina kasoro, ila kitabu alichochukua sicho. Mtihani wa benki huuliza asilimia, uwiano, wastani, riba, faida na hasara, ubadilishaji wa fedha, na usomaji wa majedwali na grafu. Mengi ya hayo alifundishwa darasa la saba na la nane.

Ugumu uko kwenye saa. Mtihani wa maswali 20 kwa dakika 25 unampa mtahiniwa sekunde 75 kwa kila swali, na ndani ya sekunde hizo anatakiwa asome, aelewe jedwali, apige hesabu na achague jibu. Kwa hiyo maandalizi yana kazi mbili: kurudisha hesabu za msingi mkononi, kisha kuziharakisha. Anayeanza na saa kabla ya kurudisha msingi hujifunza kukosea haraka.

Asilimia ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko yote, maana imejificha karibu katika kila swali. Tazama swali hili. Simu inauzwa Sh5,800 pamoja na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Bei kabla ya ushuru ni kiasi gani? Mwenye haraka hutoa asilimia 16 ya 5,800 na kupata 4,872. Anaangalia majibu yaliyotolewa, anaikuta 4,872 imemngoja pale, anafurahi na kuendelea. Mtunga swali alijua atapita njia hiyo. Lakini 5,800 ni asilimia 116 ya bei ya awali. Ukigawanya 5,800 kwa 116 na kuzidisha kwa 100 unapata 5,000, na hilo ndilo jibu.

Swali hilo hilo lina mdogo wake. Aprili 2020 VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikarudishwa 16 Januari 2021. Katika miezi hiyo simu ya Sh5,000 ilipaswa kuuzwa Sh5,700. Mnunuzi aliokoa Sh100 katika Sh5,800, yaani kama asilimia 1.7. Anayejibu "asilimia 2" amechanganya asilimia na pointi za asilimia, na huo ndio mtego unaopendwa zaidi katika mitihani ya benki, pengine kwa sababu ndani ya benki kosa hilo lina gharama.

Historia ya karibuni ya Kenya inatoa mazoezi mazuri ya jambo hili. Mwaka 2016 sheria iliwekea riba za mikopo kikomo: isizidi pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 10, hivyo kikomo kikawa 14. Mtu aliyedhani "asilimia nne juu ya 10" ni 10.4 alikuwa amepiga hesabu sahihi ya swali ambalo halikuulizwa. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019. Kisha tazama mwaka 2024: riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13 mwezi Februari, na kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi 11.25. Imeshuka kwa pointi 1.75, lakini kwa asilimia imeshuka kama 13.5, kwa sababu 1.75 inagawanywa kwa 13. Mtahiniwa anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa mdomo, bila karatasi, hahitaji tena somo hili.

Baada ya asilimia huja riba, na hapa yafaa kwenda polepole. Mteja anakopa Sh120,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 12. Mkopeshaji wa kwanza anatoza riba kwenye deni lote la mwanzo hadi mwisho. Riba ni Sh14,400, na mteja analipa Sh11,200 kila mwezi. Mkopeshaji wa pili anatoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye deni lililobaki tu, na mteja anapunguza deni kwa Sh10,000 kila mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni Sh1,200, wa pili Sh1,100, na hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho Sh100. Jumla ni Sh7,800. Matangazo yote mawili yameandika "asilimia 12 kwa mwaka". Ukiangalia kwamba kwa wastani mteja alikuwa na deni la Sh65,000 mwaka mzima, Sh14,400 za mkopeshaji wa kwanza ni karibu asilimia 22 ya deni hilo.

Kuna njia ya mkato ya kujumlisha nambari hizo kumi na mbili. Ya kwanza na ya mwisho ni 1,200 na 100, jumla 1,300. Ya pili na ya pili kutoka mwisho ni 1,100 na 200, tena 1,300. Jozi ziko sita, na sita mara 1,300 ni 7,800. Sekunde kumi zinatosha.

Na wale wanaokopa kwa simu wana mazoezi mfukoni. Ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 huonekana ndogo. Kwa mkopo wa Sh4,000 ni Sh300. Anayelipa na kukopa tena kila mwezi kwa miezi kumi na miwili amelipa Sh3,600 kwa kutumia Sh4,000, yaani asilimia 90 kwa mwaka. Kuna vijana wamewahi kulipa hesabu hii kabla ya kuifanya.

Majedwali yanahitaji tabia moja: kusoma kichwa cha jedwali kabla ya nambari. Kama kimeandikwa "Sh milioni", 240 si shilingi mia mbili na arobaini. Kama miaka imepangwa kutoka mwaka wa mwisho kuja wa kwanza, ongezeko litaonekana kama upungufu. Tuseme tawi la kwanza limekuza amana kutoka milioni 240 hadi 300, la pili kutoka 80 hadi 108, la tatu kutoka 500 hadi 590. Swali linauliza ni tawi gani lililokua kwa kiwango kikubwa zaidi. Jicho huenda kwa la tatu, lililoongeza milioni 90. Lakini hilo ni asilimia 18. La kwanza ni 25, la pili ni 35.

Pia si kila swali linahitaji jibu kamili. Ukiulizwa asilimia 38.7 ya 61,200, na majibu ni 18,900, 21,400, 23,684 na 27,100, tafuta asilimia 40: ni 24,480. Jibu liko chini kidogo ya hapo, na moja tu linafaa. Baadhi ya mitihani huruhusu kikokotoo na mingine hukataa, maelekezo husema. Hata kinaporuhusiwa, makadirio humwokoa mtu aliyebonyeza sifuri moja zaidi.

Sasa kuhusu vitabu na video. Mtahiniwa wa Nairobi akitafuta mazoezi kwenye intaneti, mengi anayoyapata kwanza yametoka India. Kuna sababu. Kule mabenki mengi ya umma huajiri kupitia mtihani wa pamoja unaoendeshwa na shirika la IBPS. Mtihani wa awali wa maafisa umekuwa na maswali 35 ya hesabu kwa dakika 20, bila kikokotoo. Hiyo ni kama sekunde 34 kwa swali. Mazoezi yaliyotungwa kwa ajili ya mbio hizo yanafaa sana kwa kasi, na hakuna haja ya kuyaona kuwa ya kigeni. Ila yasomwe kwa kuchagua. Maswali ya treni zinazopishana, mashua inayopanda mto na mabomba yanayojaza tangi yanaweza kusubiri; ya asilimia, uwiano, riba na majedwali yaanze. Msomaji atakutana na "lakh", ambayo Mswahili anaifahamu tayari, kwani ndiyo laki yetu ya 100,000, na "crore", ambayo ni milioni kumi. Akiona 12,50,000 asidhani mchapaji amekosea: ni milioni moja, laki mbili na elfu hamsini.

Jambo lingine la kutenganisha ni adhabu ya jibu lisilo sahihi. Katika mtihani huo wa India kila kosa hukatwa robo ya alama. Swali likiwa na majibu matano, anayebahatisha kabisa hatarajii faida wala hasara: mara moja katika tano anapata alama 1, mara nne anapoteza robo robo, na robo nne ni 1. Akiweza kuondoa jibu moja ambalo hakika si lenyewe, kubahatisha kunaanza kumlipa. Mtihani usiokata alama hauna sababu ya kuacha swali wazi hata moja. Basi maelekezo yasomwe kwanza, na maamuzi hayo yafanywe kabla ya saa kuanza kuhesabu.

Mpango wa wiki nne unatosha mtu mwenye dakika arobaini kwa siku. Wiki ya kwanza ni ya mkono na kalamu, bila saa: majedwali ya kuzidisha hadi 15, na sehemu zinazorudi kila mara, kwamba thumni ni asilimia 12.5, theluthi 33.3, sudusi 16.7. Wiki ya pili ni asilimia na riba. Ya tatu ni majedwali na grafu. Ya nne ni mtihani mzima kwa saa, siku moja ndiyo, siku moja hapana, na siku ya katikati ni ya kupitia makosa.

Siku hiyo ya kupitia makosa ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye faida. Daftari liwe na safu tatu: sikujua njia, nilijua njia lakini nikakosea hesabu, sikusoma swali vizuri. Baada ya mitihani mitatu safu moja itakuwa ndefu kuliko nyingine. Kwa mtu anayedhani hajui hesabu, huenda iwe ya tatu, na dawa yake ni kupiga mstari chini ya kinachoulizwa kabla ya kugusa nambari.

Mahali pa kusomea ni tatizo la kweli kwa anayeishi chumba kimoja Kawangware au Gatina na ndugu wawili na redio. Maktaba ya Taifa ya Upper Hill ina meza na utulivu. Siku ya mtihani wenyewe, simu iliyo na chaji nusu na vifurushi vya kukisia si ya kutegemea. Ni afadhali kulipia saa moja kwenye saiba, baada ya kumwuliza mwenyewe kama ana umeme wa akiba, na kumweleza kwamba ukurasa ukifungwa katikati huenda usifunguke tena. Karatasi, kalamu mbili na saa ya mkono viwe mezani.

Anayedai pesa ili akutumie kiungo cha mtihani, au akuuzie "majibu", si mwajiri. Mwaliko ukitia shaka, nambari ya simu itafutwe kwenye tovuti ya benki yenyewe, siyo ile iliyo ndani ya ujumbe.

Mazoezi ya leo ni haya. Bei ya gunia imepanda kwa asilimia 20, kisha imeshuka kwa asilimia 20. Imerudi ilipokuwa? Kila mmoja aanze na Sh5,000, apige hesabu kwa mkono, na asiangalie karatasi ya jirani.