Orodha Imeingia Ndani ya Simu: Kazi ya Kiongozi Imebadilikaje?

(Maneno yaliyotolewa katika kikao cha viongozi wa kamati za wakimbizi wa ndani na wawakilishi wa familia wenyeji, Kivu)

Waheshimiwa viongozi wa kamati, baba chifu, wazee wetu, akina mama, ndugu vijana,

Tunajua wengine wenu mmetembea kwa miguu tangu alfajiri ili kufika hapa. Asanteni sana.

Leo hatukuja na unga wala sabuni. Tumekuja kuongea juu ya kazi. Katika miji mikubwa, wakurugenzi wa kampuni hukutana mara nyingi kuulizana namna simu na kompyuta zinavyobadilisha ofisi zao. Ninyi pia mna ofisi, hata kama ofisi hiyo ni benchi chini ya mti. Mnaandika watu, mnapokea malalamiko, mnatoa habari, mnapatanisha majirani. Vyombo hivyo vimeingia katika kazi yenu pia, mara nyingine bila kupiga hodi. Tutasema juu ya mambo matatu: orodha, pesa na habari.

1. Orodha

Zamani msimamizi wa bloku alikuwa na daftari lake. Jina la mama likikosekana, mama alijua mlango wa kubisha. Tusisifu daftari kupita kiasi. Lililowa mvua, liliandikwa majina ya watu wasiokuwapo, na mara nyingine ndugu wa msimamizi walitangulia. Lakini lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliulizwa.

Siku hizi mwandikishaji anakuja na simu au kompyuta ndogo ya mkononi. Wengi wanatumia programu inayoitwa KoBoToolbox. Inapokea majibu hata pasipo mtandao, kisha inayatuma baadaye. Mashirika mengine yanachukua pia picha na alama za vidole. Kuna faida. Mtu haandikwi mara mbili, na jina halipotei kwa sababu daftari limeungua.

Lakini mmeona pia shida yake. Mzee aliyeshika jembe tangu utoto, ngozi ya vidole vyake imelika. Anaweka kidole, mashine inakataa. Anaweka tena, inakataa tena. Kijana anayeshika mashine anasema, «Mfumo haukutambui, mzee.» Mzee atabishana na nani? Anarudi kwa rais wa kambi na hasira yake, au anamtazama jirani aliyepata na kuanza kusema, «Hawa ndio wanaopendelewa.» Tumeona ugomvi mkubwa ukianza hivyo, kwa mashine iliyokataa kidole kimoja.

Basi kabla watu wenu hawajaandikwa, kiongozi ana haki ya kuuliza maswali manne, mbele ya watu wote:

- Nani anaandika, na kwa shirika gani?
- Habari hizi ni za kazi gani?
- Nani mwingine ataziona?
- Jina likikosekana, twende kwa nani, na jibu litatoka baada ya siku ngapi?

Asiyeweza kujibu maswali haya arudi kwanza kwa wakubwa wake.

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu wenyewe. Siku moja tulikuwa na haraka. Tulipiga picha orodha ya familia, yenye majina, namba za simu na vijiji walikotoka, tukaituma katika kikundi cha simu cha viongozi ili kila mmoja athibitishe watu wake. Mmoja aliipeleka kwa rafiki, rafiki akaipeleka mbele. Kabla ya jua kuzama, akina mama walikuwa wanapigiwa simu na watu wasiowajua. Wengine waliambiwa watume pesa ili majina yao yasifutwe. Mama mmoja aliulizwa kama bado anatoka kijiji kile, na mume wake yuko wapi. Usiku ule hakulala katika hema lake. Tulikwenda kuomba msamaha nyumba kwa nyumba. Hatukuweza kuirudisha orodha ile, kwa sababu kilichotumwa hakirudi.

Msidhani ni sisi wadogo tu tunaoshindwa kulinda habari. Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao wameingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515.000. Wengi wao walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamaji au maafa. Ikiwa nyumba kubwa kama ile imevunjwa, sisi wenye simu moja isiyo na namba ya siri tuwe na uangalifu gani? Hapa Kongo kuna pia sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna ulinzi wa habari za mtu binafsi. Jina la mtu ni mali yake. Kiongozi ni mtunzaji tu.

2. Pesa

Pesa za simu zilianza kuenea Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na huduma hiyo ikafika kwetu Kongo mwaka 2012. Leo kuna pia Airtel Money na Orange Money. Benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, familia nyingi ziliendelea kununua chakula kwa sababu ya simu tu. Na mwezi wa Februari mwaka ule, kambi kubwa za kando ya Goma zilipovunjwa na kila familia kushika njia yake, mara nyingi namba ya simu ndiyo iliyobaki kuwaunganisha watu na viongozi wao.

Msaada wa pesa katika simu una heshima yake. Mama anachagua mwenyewe: unga, dawa, au karo ya mtoto. Habebi gunia mbele ya macho ya kila mtu. Lakini simu ni ya nani nyumbani? Mara nyingi kadi ya simu ni ya baba. Mjane mzee hana simu, anaazima ya jirani, na jirani anakata fungu lake. Wengine wanampa wakala namba yao ya siri kwa sababu hawajui kusoma. Hayo yote yanaonekana kwenu kabla ya kuonekana kwetu. Yasemeni.

Kuna jambo jingine. Gunia lilionekana, pesa za simu hazionekani. Basi familia wenyeji, waliotoa kiwanja na maji tangu siku ya kwanza, wanasikia tu kwamba «wale wamepata». Hawajui nani, hawajui kwa nini. Ukimya huo unazaa chuki. Dawa yake ni hii: masharti ya kupata msaada yatangazwe hadharani, kwa wakimbizi na kwa wenyeji pamoja, majina na kiasi cha kila mtu vibaki siri. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunabandika majina ukutani na kuficha masharti.

3. Habari

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Siku tano baadaye, tarehe 27, serikali ya jimbo iliamuru sehemu ya mji wa Goma ihame. Katika siku zile simu hazikunyamaza. Onyo la kweli na uvumi vilikuja katika kioo kimoja, kwa maandishi yaleyale. Watu walikimbilia Sake, wengine Rwanda, wengine hawakujua wamfuate nani.

Simu hiyohiyo inaweza pia kusaidia amani. Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi, raia walitunga mfumo walioupa jina Ushahidi. Watu waliandika mesaji wakisema wameona nini na wapi, na habari ziliwekwa juu ya ramani. Tofauti na uvumi iko katika maswali: Nani aliona? Wapi? Saa ngapi?

Nasi tumeshuhudia jambo kama hilo karibu. Mesaji ilizunguka kwamba vijana wa kambi wameiba mbuzi wa wenyeji. Vijana wa kijiji walikuwa tayari na fimbo. Chifu wa mtaa alikuwa na namba ya rais wa kambi, akampigia. Walitoka wote wawili, wakaenda pamoja kwa mwenye mbuzi. Mbuzi walikuwa wamekata kamba na kuingia shamba la mihogo. Uniti kidogo za simu ziliokoa watu siku ile.

Sasa kazi inazidi kuwa ngumu. Kuna programu za akili bandia zinazoweza kuiga sauti ya mtu na kutengeneza picha ya jambo lisilotokea. Kesho sauti ya baba chifu inaweza kusikika ikiwaita watu vitani, na yeye amelala kwake. Kwa hiyo tukubaliane: hakuna agizo la kuhama, kushambulia au kulipiza linalofuatwa kwa sababu ya sauti ya simu peke yake. Piga simu mwenyewe. Mtume mtu aende. Sikiliza redio mnayoiamini.

Tukirudi nyumbani

Tunawaomba kila kamati ifanye mambo matano:

1. Kuweka namba ya siri katika kila simu yenye habari za watu.
2. Kutotuma orodha katika kikundi, hata kwa haraka.
3. Kuchagua mtu wa kupokea malalamiko ya majina yaliyokosekana, na awepo mwanamke mmoja kati ya wapokeaji.
4. Kubadilishana namba kati ya viongozi wa wakimbizi na wa wenyeji, na kuongea kila wiki, hata pasipo tatizo.
5. Kumweka kijana anayejua simu pamoja na mzee anayejua watu, wafanye kazi ya uandikishaji wawili.

Na tafadhali, msiliondoe benchi. Bibi asiye na simu, kipofu, mtoto aliyefika jana peke yake, hao watakuja benchini. Wakute mtu ameketi pale.

Sasa ni zamu yenu, nasi tutaandika mtakayosema. Katika daftari.